Kaka ni mwanajeshi JWTZ, kiwanja kipo kwa jina la mama: klirensi ya Marekani (kibali cha kushika siri za serikali) nitaipata kweli?

MtotoWaPongwe:
Habari zenu wakuu, hasa mlioko Marekani. Nimepata ofa kwa kontrakta mmoja wa mambo ya ulinzi huku Virginia, kazi yenyewe ya netiweki tu ila lazima uwe na klirensi ya ngazi ya Secret. Uraia wa huku ninao, wa nyumbani ndo hivyo ulishakwenda maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima uraia pacha. Sasa nimefungua fomu ya kuombea, SF-86, nikaishiwa nguvu, wanataka ndugu wote, wapo wapi, wanafanya kazi gani. Kaka yangu yuko JWTZ. Mama yuko Tanga namtumia hela kila mwezi, halafu kuna kiwanja Kigamboni hela nilitoa mimi lakini kipo kwa jina la mama, na akaunti ya zamani Dar bado ina salio. Hivi vitanikosesha kazi? Na hicho kiwanja nakiandika vipi wakati karatasi hazina jina langu?

Kidume_Houston:
Kaka mruke, andika mama basi. Nani atatoka Washington kwenda kambini kumuuliza 😂

ShangaziMaryland:
Kidume usimponze mwenzio. Kudanganya kwenye ile fomu ni jinai ya shirikisho, hadi miaka 5 jela, na hata usipofungwa klirensi ndo imekufa hapo. Mdogo wangu sikiliza, wanaoamua wanafuata mwongozo unaitwa SEAD 4, umeanza kutumika Juni 2017, una vipengele 13 kuanzia A mpaka M. Ndugu na mali za nje ni B. Uongo ni E, na E ndo mbaya kuliko B maana ndugu hukuwachagua ila uongo umeuchagua mwenyewe. Kwenye B wanaangalia ni nchi gani, ndugu anafanya kazi gani serikalini, mnawasiliana kiasi gani, na kama kuna mtu anaweza kukubana kupitia kwao. Tanzania si China wala Iran. Kaka mwanajeshi watakuuliza sana, cheo, mnaongea nini, we jibu tu kama ilivyo.

Fundi_wa_Kodi:
Upande wa hela sasa. Sehemu ya 20A inauliza mpaka mali ambayo mtu anakushikia, kwa hiyo kiwanja kinaingia, eleza kwa nini kipo kwa jina la mama, uraia wa Tanzania huna tena, kwa hiyo sababu yako ni ya kisheria na inaeleweka. Hela ya mama nayo iandike, kiasi na mara ngapi. Kikubwa wanapima uzito: vya kule na vya huku. Kama huku una nyumba, akiba ya kustaafu ya 401(k), mke, watoto wanasoma, kiwanja kimoja hakikutishi. Ila hiyo akaunti angalia, kama akaunti zako zote za nje kwa pamoja ziliwahi kuzidi dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, ulitakiwa kujaza FBAR, ile ripoti ya akaunti za nje kwa serikali ya Marekani. Kama hukujaza rekebisha kabla ya intavyu, sio baada.

Mwanasheria_wa_Mtaani:
Niongeze kidogo, klirensi sio haki yako, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1988 kwenye kesi ya Egan, wakiwa na shaka wanaegemea usalama wa nchi. Lakini wakikataa watakuandikia sababu, na kwa watu wa makontrakta unaweza kwenda mbele ya jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza rufaa hizi. Hukumu zao zipo mtandaoni bila majina, tafuta za kipengele B usome, utaona watu wana ndugu jeshini nchi za ajabu kuliko yetu na wamepita. Ukishaipata kumbuka hata safari ya kwenda Tanga kumwona mama unairipoti kabla ya kuondoka.

MtotoWaPongwe:
Asanteni sana. Kaka namwandika. Sasa wanataka tarehe ya kuzaliwa ya mama, cheti hana, yeye anajua ilikuwa msimu wa mvua basi.

ShangaziMaryland:
Haha wote tumepita hapo. Pembeni ya tarehe kuna kisanduku cha makadirio, kitiki, weka mwaka mnaokubaliana nyumbani, halafu kwenye maelezo andika cheti hakuna. Ila mwaka uwe uleule uliouweka kwenye makaratasi ya uhamiaji, hapo ndo wanapokamatia watu.

MtotoWaPongwe:
Duh, kule niliweka mwaka mwingine.

Fundi_wa_Kodi:
Basi na hilo liandike kwenye maelezo, mapema.