Nimealikwa harusi ya Kihindi Rajkot: niende siku zote au resepsheni tu inatosha?

Mzee wa Tabata

Habari za jioni wakuu.

Kuna dada wa Kigujarati nafanya naye kazi hapa Dar, meza yake na yangu zimepakana. Anaolewa mwezi wa pili, ila harusi inafungwa Rajkot, Gujarat, maana bibi yake yuko kule na umri haumruhusu tena kupanda ndege. Ametualika mimi na mama watoto. Kadi yenyewe ni kitabu! Juu kuna Ganesh, ukifungua unakuta kadi ndani ya kadi: pithi, hina, garba, harusi, resepsheni.

Shida yangu likizo. Siku nilizopewa ni chache na tiketi si ya mchezo. Nawaza tufike siku ya mwisho, tule, tupige picha, turudi. Hizo nyingine naona ni mambo ya ukoo na ya dini yao, mgeni utakaa kwenye kiti unatazama tu. Mnasemaje?

La pili, sijaletewa kadi ya mchango. Nilipomuuliza kamati inakutana lini akacheka mpaka akashika tumbo. Sasa nimpe nini? La tatu, mama watoto ameshampelekea fundi kitambaa cheusi cha kumeremeta. La nne, na hili msinicheke: kuna nyama? Kuna bia?

Naomba kuwasilisha.

---

Kipara wa Mbagala

La nne umeliandika mwisho lakini ndilo lililokuleta hapa 😂 Nyama hakuna, bia hakuna. Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lilipoanzishwa 1960. Maliza kiu yako Tabata kabla hujapanda ndege.

---

Mrudi Gujarat

Mkuu, nilisoma huko Gujarat na nilialikwa harusi za wenzangu wa darasani, kwa hiyo nisikilize vizuri. Hiyo resepsheni unayotaka kuiwahi ndiyo pekee inayofanana na za kwetu. Maharusi wamekaa jukwaani, watu wanapanga foleni ya picha, halafu mnaelekezwa kwenye chakula. Hiyo ungeiona Sinza kwa nauli ya daladala. Kinachofaa kukutoa Dar ni hizo ulizoziita za ukoo.

Pithi ni asubuhi. Bibi harusi anakalishwa kwenye kigoda, yanakuja manjano yaliyokorogwa na unga wa dengu na mafuta, na kila aliyepo anampaka mikononi, miguuni, mashavuni. Wewe pia, utaitwa kwa jina. Pwani kwetu singo ni siri ya bi harusi na somo wake chumbani. Hawa wanafanya uani mchana kweupe, na baada ya muda mfupi wageni wanaanza kupakana wao kwa wao. Nenda na nguo usiyoipenda, ile rangi haitoki.

Ila usiku wa garba ndio nitakaokulaumu ukiukosa. Mnacheza kwa duara, mnazunguka kinyume cha saa, makofi na hatua, ngoma inaanza polepole halafu inakimbia. Baadaye vinagawiwa vijiti, dandiya, unagonganisha na aliye mbele yako, unampita, unakutana na mwingine. Mwaka 2023 UNESCO waliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wao, lakini pale huoni watu wanaofanya maonesho. Unakuta bibi mwenye sari yake, goti bovu, na anakuacha mbali kwa pumzi. Ukikosea hatua mtu anakushika bega anakusogeza, duara linaendelea. Hakuna MC wa kukutangazia kwamba sasa ni zamu ya meza yenu.

Hicho ndicho utakachokiona tofauti. Kule mgeni hakai. Ukikaa wanadhani unaumwa.

---

Fundi Mjuaji

Msimjaze ujinga jamaa wa watu. Mimi nilihudhuria ya kwao, ile ibada nilikaa karibu masaa matatu, maneno yote Kisanskriti, moshi wa moto machoni, sielewi lolote. Mzee nenda resepsheni, kula, rudi kazini.

---

Binti wa Kisutu

@Fundi Mjuaji, nani alikwambia ukae masaa matatu? Hata mama zangu wadogo hawakai! Yetu siyo kama misa kaka. Pandit, yaani kuhani wetu, anasoma, maharusi na wazazi wako naye pale mandapani, kwenye kibanda cha ndoa, na wageni wanaongea, wanakwenda kunywa chai, wanarudi. Ukiona watu wamesogea na wameshika maua, na wewe sogea.

@Mzee wa Tabata, mimi Mgujarati wa hapa hapa Dar, kwetu ni mtaa wa mahekalu. Nikueleze usilolijua: wewe ni mgeni wa upande wa bibi harusi. Ni jambo kubwa hilo, maana una kazi.

Bwana harusi atakuja na watu wake, tunaita jaan. Matarumbeta mbele, ngoma, wanaume na vilemba vyao, wanacheza barabarani hatua mbili mbele moja nyuma, hawana haraka hata kidogo. Ninyi mnawasubiri langoni. Akifika, mama mkwe anampokea kwa taa na kumpungia vifaa vidogo vya mbao, nira, mchi, upekecho. Pale chini kuna vyungu viwili vidogo vimefungwa pamoja, anavikanyaga vinavunjika, anapita. Halafu mama mkwe anajaribu kumkamata PUA. Kweli, pua! Ni kumkumbusha kwamba amekuja kuomba, asijione. Rafiki zake wanamkinga, kila mtu anapiga kelele. Kuwa na simu tayari hapo.

Na nyimbo. Kina mama wa kila upande wana nyimbo za kutukanana, zinaitwa fatana. Mipasho mitupu, mbona mtasikia nyumbani! Wanaimba kwamba bwana harusi mfupi, mjomba wake bahili, jaan imekuja na njaa. Upande wa pili wanajibu. Anayechekwa anacheka zaidi ya wote, ndivyo inavyotakiwa. Siku hizi wengine wanakodi waimbaji, mimi sipendi, shangazi yangu anaimba vibaya lakini anayajua majina yote na siri zote.

Bwana harusi akivua viatu kuingia mandapani, wadogo wa bibi harusi wanaviiba. Ndiyo kazi yenu hiyo. Mzee mzima kama wewe ndiyo wa kufichia, hakuna atakayekupekua. Hapewi mpaka alipe, na mabishano ya bei yanachukua muda.

Mjomba wa bibi harusi ndiye anayemleta mandapani. Panashikwa pazia kati yao, likishushwa ndipo wanaonana, wanapeana mikono, shali ya bwana inafungwa na sari ya bibi. Kwetu wanazunguka moto mara nne. Ukisikia mtu anasema saba, huyo anaongelea Kaskazini ya India. Hatua saba tunazo, ila ni kitu kingine, zinafuata baadaye. Mtarusha maua na mchele.

Jioni bibi harusi anapoagwa kwao kila mtu analia. Hata waliokuwa wanatukana.

---

Mzee wa Tabata

Dada umenimaliza na hiyo ya pua 😂😂 Asanteni sana. Sasa gauni jeusi je? Na zawadi?

---

Binti wa Kisutu

Gauni jeusi libaki Dar. Jeusi halina heri harusini kwetu, na jeupe tupu ni la msiba. Nyekundu muachieni mwenyewe, ingawa bibi harusi wa Kigujarati mara nyingi anavaa panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu, kwa hiyo msishangae. Ninyi vaeni kijani, bluu, zambarau, machungwa, ming'aro yote ruksa. Kitenge kizuri pia kinapokelewa vizuri sana, nimeona kwa macho yangu.

Zawadi ni bahasha, tunaita chandlo. Weka rupia zinazoishia na moja: 501, 1,101, 2,001. Ile moja ya mwisho maana yake jambo linaendelea, halijafungwa. Madukani kule zinauzwa bahasha zenye sarafu ya rupia moja imeshabandikwa. Familia nyingine huandika kwenye kadi kwamba hazipokei kitu, basi msome vizuri. Kamati na mchango kwetu hakuna, baba anabeba, ndiyo maana amecheka.

---

Wa Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Msidhani Wahindi wote ni hao. Mimi niliitwa ya Masikh, Ludhiana kule Punjab. Inaanza asubuhi gurdwara, hekalu lao, unafunika kichwa, unavua viatu, unakaa chini kwa zulia, na wanazunguka Kitabu chao, siyo moto. Mara nne pia. Ukitoka unakula langar, chakula cha hapo gurdwara, pamoja na kila mtu. Jioni sasa ndiyo fujo, na Punjab haina hiyo sheria ya Gujarat, kwa hivyo Mzee wa Tabata alichagua rafiki wa jimbo lisilomfaa.

---

Mama Wawili Tegeta

Kwa mama watoto: asisubiri kufika Rajkot. Sari ni kitambaa cha mita tano na nusu hivi, lakini blauzi lazima ishonwe kwa kipimo na sketi ya ndani ifungwe imara kiunoni, ndiyo inayobeba mzigo wote. Mtaa wa mahekalu pale kuna mafundi. Abebe pini za kutosha. Usiku wa garba asivae sari kama hajazoea, avae chaniya choli, ile sketi pana na kiblauzi, atazunguka bila kuogopa kuvuliwa na mguu wa mtu.

Na hina apakwe mapema jioni, akae nayo mpaka ikauke. Usiku huo wewe baba ndiye wa kumlisha kwa kijiko 😁

---

Mrudi Gujarat

Chakula nilisahau. Usihuzunike kwa ajili ya nyama, hutaikumbuka. Mwezi wa pili bado utapata undhiyu, mboga za msimu wa baridi zinazopikwa pamoja, viazi vikuu vya zambarau, ndizi, maharage mabichi. Dhokla, khandvi, puri za moto na shrikhand, jalebi zinatolewa kwenye mafuta mbele ya macho yako. Mkono wa kulia. Wanakupakulia bila kukuuliza, ukishiba funika sahani kwa kiganja, la sivyo wataendelea. Ukiona meza ya pembeni ina chakula kisicho na kitunguu wala viazi, ni ya Wajaini, watu wa dini nyingine ya kule, unaweza kula pia. Malizia na paan ya utamu, ile tambuu ya kutafuna.

---

Kipara wa Mbagala

Mimi nimeshiba kwa kusoma tu. Naombeni mtu aniunganishe na Mgujarati yeyote anayekaribia kuolewa.

---

Mzee wa Tabata

Wakuu, nimekaa na mama watoto, tumegeuza mpango. Tutafika siku ya pithi asubuhi, tukae mpaka bibi harusi anaagwa, resepsheni ndiyo tutakayoiacha. Kitambaa cheusi tumempa shangazi yake. Kuna swali moja limebaki: kwenye kadi wameandika saa ya harusi 11:25 alfajiri. Ni makosa ya uchapaji au?

---

Binti wa Kisutu

Siyo makosa. Hiyo ni muhurat, saa yenye heri, inapangwa kwa kuangalia nyota, ukumbi hauna sauti hapo. Ndiyo maana pia imeangukia mwezi wa pili: kuanzia katikati ya Desemba mpaka tarehe 14 Januari ni kamurta, hatufungi harusi. Lalini mchana baada ya pithi, maana garba haiishi mapema na usiku Rajkot mwezi huo kuna kaubaridi, bebeni shali.

Viza mtaombea mtandaoni, msisubiri wiki ya mwisho. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, siyo kwenye begi kubwa. Na viatu vyako vya bei mbaya usivivulie langoni kwa bwana harusi, wezi wa siku hiyo hawaangalii vizuri.

---

Fundi Mjuaji

Haya, nimekubali yaishe. Ila hiyo ya pua mimi mbona sikuiona?

---

Binti wa Kisutu

Ulikuwa umekaa, kaka.