Kimara hadi Posta, pamoja na mizunguko ya jioni: gari, mwendokasi au baiskeli?

MamaWawili
Wakuu, habari za jioni. Naishi Kimara hapa Dar es Salaam, kazini Posta, kilomita 15 hivi. Miaka minne sasa natumia gari langu, Toyota IST. Juzi kwenye foleni ya Ubungo mwanangu alianza kukohoa kwa moshi wa lori la mbele, nikapandisha kioo. Usiku ndipo nikawaza: na mimi nina gari nyuma yangu lenye mtoto, anavuta moshi wangu. Nataka kupunguza. Nipimieni mwendokasi (mabasi yaendayo haraka), baiskeli na bodaboda. Kuna na mizunguko ya jioni: gengeni, duka la dawa, kumfuata mtoto tuisheni.

MzeeWaKituoni
Dada, mwendokasi. Naipanda tangu ianze mwaka 2016. Ina njia yake, foleni unaiona dirishani tu, na basi moja refu linabeba watu zaidi ya 100. Ukitoka saa kumi na mbili kasorobo unapata kiti. Ukichelewa nusu saa, jiandae kusimama. Anza na siku tatu kwa wiki. Wanaoanza na tano huchoka mapema.

FundiSpoku
Mimi ni mtu wa baiskeli lakini sitakudanganya: kilomita 15 kwa joto la Dar na nguo za ofisi ni kazi. Kwenda utateremka, ila kurudi kutoka Ubungo hadi Kimara ni kupanda. Baiskeli ipe ile mizunguko ya jioni. Mimi kilo tano za unga nazifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, hazitikisiki hata kwenye makorongo. Jumamosi jaza upepo, paka mnyororo oili, basi.

InjiniBaridi
Fundi kagusa penyewe. Injini ambayo haijapata moto inakunywa mafuta zaidi, na safari ya gengeni ya kilomita moja inaisha kabla haijapata. Kwa hiyo hizo safari fupi ndizo mbaya kuliko zote kwa kila kilomita, na ndizo tunazozipuuza.

Kuhusu Posta: lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Ukipata kilomita 10 kwa lita, kwenda na kurudi ni kilo 7 hivi kila siku. Bodaboda inakunywa kidogo kuliko gari, ila ni injini nzima kwa ajili ya abiria mmoja. Mwendokasi bado inaishinda. Siku ya gari, mbebe jirani, pima upepo wa matairi, na foleni ikigoma kabisa zima injini.

BintiLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi gari naliacha upande wa Likoni, navuka feri kwa miguu. Niongeze la mifuko: huku ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwenu 2019, lakini watu wananunua ile ya kitambaa kila wakienda sokoni na kuitupa. Mmoja ukunje ukae ndani ya mkoba wako siku zote. Kikapu cha ukindu kining'inie mlangoni, ukikiacha stoo utakisahau.

MamaWawili
Wiki ya tatu leo, asanteni sana. Mwendokasi Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Orodha ya mahitaji iko mlangoni pa friji, kila mtu anaandika kinachoisha. Gengeni nilikuwa naenda mara tano kwa wiki, sasa mbili, kwa miguu. Dawa nanunua nikishuka kituoni. Tuisheni imenishinda: inaisha usiku na njia haina taa, hapo gari litabaki. Baiskeli ya baba watoto imetoka stoo. Fundi, naweza kupata kapu la mbele bila kutoboa chochote?

FundiSpoku
Lipo, dada, lenye kulabu mbili za kuning'iniza kwenye usukani. Kabla hujalipa, lijaribishe kwenye baiskeli yenyewe na ukate kona kulia na kushoto. Likibana waya wa breki, liache.