Umepaki gari jioni likiwa zuri, asubuhi betri imekufa: tupeane uzoefu

Kibada_Kwetu (mwanzisha mada)
Wakuu, poleni na majukumu. Nina jirani huku Kigamboni ambaye Jumatatu asubuhi kwake ni siku ya kuomba msaada. Ana gari dogo la Toyota IST, automatiki, kwa hiyo hata tukisukuma ni kulitoa njiani tu, kuwaka haliwaki. Ijumaa analipaki halina tatizo lolote, Jumatatu akibonyeza rimoti milango haiitiki. Betri ameshanunua mpya, hadithi ni ileile. Dukani wanamwambia arudishe hiyo apunguziwe bei ya nyingine. Mimi naona anatibiwa ugonjwa asioumwa.

Mliopitia haya, tuelezeni kilichokuwa kinakula betri ni nini na mlikijuaje. "Badilisha betri" tumeshaisikia, msirudie.

MwanaTabata
Kwangu ilikuwa taa ya buti. Swichi yake ililegea, ukifunga buti taa inaendelea kuwaka humo ndani na wewe nje huoni kitu. Nilikuja kujua baada ya kuweka simu ndani ya buti ikiwa inarekodi video, nikafunga. Balbu ya wati 5 watu wanaidharau, lakini kwenye volti 12 inakula kama ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ndogo ya ampea-saa 35 au 40 itahimili wikiendi kweli?

FundiUmeme_Temeke
Mkuu Kibada, mwambie jirani asinunue chochote kwanza. Atafute mita, hata ile ya bei rahisi.

Gari likiwa limelala usiku kucha, apime betri kabla hajagusa kitu. Ikisoma volti 12.6 imejaa. 12.2 ni nusu. Ikiwa 12.0 au chini ya hapo, ndiyo maana stata inagonga tu tak tak. Kisha abusti (aazime umeme wa betri nyingine kwa waya), awashe gari, apime tena injini ikiunguruma: inatakiwa ipande kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Isipopanda, shida ni olteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) au mkanda wake, wala hakuna kinachoibwa usiku. Ikipanda vizuri halafu kesho yake imeshuka, basi kuna kitu kinanyonya.

Kumtafuta huyo mnyonyaji: zima kila kitu, toa kichwa cha hasi (kibano cha waya kwenye ncha ya hasi ya betri), weka mita kwenye ampea 10, waya mmoja wa mita kwenye kichwa ulichotoa, wa pili kwenye ncha ya betri. Funga milango yote, halafu agiza soda ukae nusu saa. Hapa ndipo vijana wengi wanakosea, wanapima papo hapo wakati kompyuta za gari bado ziko macho, wanaona namba kubwa wanaanza kukata waya. Magari mengi yakishalala husoma chini ya miliampea 50. Ukikuta 300 au 500, chomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Fyuzi itakayoangusha namba ndiyo njia yake. Mita ikiwa pale usifungue mlango wala usipige stata, utaunguza fyuzi ya mita yenyewe. Sanduku la fyuzi likiwa ndani, acha mlango wazi tangu mwanzo na ubonyeze swichi yake kwa bisibisi ili gari lidhani umefunga.

Ukichomoa zote na namba haijashuka, toa ule waya mnene wa olteneta. Dayodi ya ndani yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikivuja inanyonya usiku kucha, na mchana gari linaonekana linachaji.

Kwa uzoefu wangu wa mezani, wanyonyaji wengi si vitu vilivyokuja na gari. Ni vilivyoongezwa: redio ya skrini, alamu, ampli, traka (kifaa kinachoonyesha gari liko wapi). Aliyefunga ameunga kwenye waya wa moto wa moja kwa moja badala ya ule unaokata ukizima funguo.

Bin_Darajani
Assalaam aleikum. Mie gari naiacha Dar karibu na bandari nikivuka kwa boti kuja Unguja. Nikikaa wiki moja, inawaka. Nikikaa mwezi na zaidi, imekufa. Fundi alipima akasema haina ubovu, na hesabu ikamkubalia: hizo miliampea 50 za halali ni ampea-saa 1.2 kwa siku, kwa mwezi 36. Betri yangu yenyewe haizidi 45. Siku hizi nikiondoka natoa kichwa cha hasi kwa spana namba 10, nikirudi narudisha. Sijabusti tena.

Mama_Noah
Kaka Bin Darajani, hilo la kutoa kichwa watu wasilikimbilie kabla hawajaangalia redio. Hizi magari zetu kutoka Japani, redio nyingi zikikosa umeme hujifunga. Ukirudisha betri inakuandikia ERC na maandishi ya Kijapani, inataka namba ya siri. Nyingine inadai kadi ya ramani. Fundi aliyenitolea betri hakunieleza, nikabaki naendesha kimya kama msibani, na kamera ya nyuma ikaondoka na skrini hiyohiyo. Ilinibidi nipige picha ile namba ndefu inayotokea, nimtumie kijana wa redio anitafutie ya kufungulia. Na alinilipisha.

Bin_Darajani
Yangu ya kaseti, bibie. Haina cha kusahau.

Mkulima_Makambako
Ninyi mna majirani wenye magari. Mimi pikapu yangu ya dizeli ilinizimikia shambani, Julai, baridi ya huku mnaijua kwa kusikia tu. Ni manyuo, tungeisukuma, lakini ilikuwa bondeni na mzigo wa viazi juu. Kijana mmoja akaleta betri ya bodaboda. Hiyo ni ampea-saa 5 au 7, iliwasha taa za dashibodi basi. Kilichotutoa ni betri ya sola ya mzee mmoja, ya ampea-saa 100. Tuliunga tukaiacha dakika kumi hivi ilishe yangu kwanza, ndipo nikapiga stata. Mkifanya hivyo angalieni mfumo wa mwenye nyumba: akiwa na betri mbili zilizoungwa kutoa volti 24, toeni moja pembeni mtumie hiyo peke yake.

Segera_Njiapanda
Kwenye kubusti mpangilio una maana. Waya nyekundu inaanzia chanya ya betri iliyokufa, inaenda chanya ya nzima. Nyeusi inaanzia hasi ya nzima, na mwisho wake unaubana kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa ya haidrojeni na cheche ya mwisho ndiyo hatari. Kutoa ni kinyumenyume. Mimi msamaria wa barabarani aligeuza waya: cheche, harufu, fyuzi kubwa ikakatika na dayodi za olteneta zikaenda nayo.

Neema_Aqua
Na sisi wa haibridi, magari ya mafuta na umeme? Wengi wanadhani lile betri kubwa linatosha. Kinachoamsha gari ni betri ndogo ya volti 12, nayo kwenye Toyota Aqua iko nyuma. Ikifa hata buti haifunguki, unaingia kwa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Chini ya boneti, kwenye sanduku la fyuzi, kuna ncha ya kubustia. Nimekataa mara nyingi kumbustia mwenye lori na gari langu, wananiona mchoyo, ila mfumo wake haukutengenezwa kuzungusha stata ya mtu. Halafu rimoti msiitundike ukutani karibu na gari. Vinaongea usiku kucha. Weka zaidi ya mita mbili.

Muscat_Bara
Huku Muscat kiangazi kikipita nyuzi 45 betri ya mwaka wa pili tunaihesabu mzee. Joto hukausha maji yake. Za kufunguliwa ongezeni maji safi ya betri, si ya bomba.

Kibada_Kwetu
Wakuu, mrejesho. Tumepima na jirani jana. Olteneta 14.1, nzima. Baada ya kusubiri, mita ikakwama ampea 0.42. Tumechomoa fyuzi mpaka namba ikaanguka, tukafuata waya chini ya dashibodi, tumekuta traka ambayo yeye hajawahi kuifunga. Gari alinunua mkononi mwa mtu. Sasa betri ameisahau, anauliza tu ni nani amekuwa akimwona anakokwenda.

FundiUmeme_Temeke
Traka isiyo na ubovu haili ampea 0.42, hiyo huenda betri yake ya ndani imekufa, inajichaji bila kushiba. Kabla hajaing'oa, aulize aliyemuuzia kama gari lilikuwa na mkopo, maana wakopeshaji wengine hufunga traka. Akishaitoa afunike ncha za waya kwa tepu, na apime tena kabla ya kurudisha dashibodi.