Extra Añejo ya miaka 3 au ya miaka 7: ipi ya kunywa taratibu, na inywewe vipi?

Mchanga_wa_Kigamboni
Habari zenu wakuu. Mzee wetu wa ofisini anastaafu mwisho wa mwezi, tumechanga tumnunulie tekila ya kunywa taratibu, siyo ya shoti. Dukani kuna chupa mbili, zote zina maneno Extra Añejo na 100% de agave (agave tupu, mmea unaotengenezewa tekila). Moja ni ya miaka 3, rangi ya dhahabu. Nyingine ya miaka 7, nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, na bei yake karibu mara mbili. Je, hiyo miaka minne ya ziada ina thamani ya hela hiyo? Na inatolewaje mezani? Naomba ushauri wa wanaojua, siyo matusi.

PipaKavu
Mkuu, kwanza elewa lebo. Daraja la Extra Añejo liliingizwa kwenye kanuni za Mexico mwaka 2006. Sharti lake ni kukaa miaka 3 au zaidi kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 600. Añejo ni mwaka 1 na ukomo ni huohuo wa lita 600. Reposado ni miezi 2 tu. Kwa hiyo chupa zote mbili ni halali kwa jina hilo. Zaidi ya hapo kanuni haisemi pipa liwe jipya au kuukuu, na hilo ndilo linaamua ladha kuliko idadi ya miaka.

Rangi usiihesabu kabisa. Kanuni inaruhusu karameli, dondoo la mwaloni, gliserini na sharubati ya sukari, mradi jumla isizidi asilimia 1 ya uzito, na mtengenezaji halazimiki kuviandika kwenye lebo. Hata iliyoandikwa 100% de agave inaweza kuwa navyo. Weusi wa chupa unaweza kuwa umetoka kwenye mti, au kwenye kopo.

Geuza chupa utafute neno NOM likifuatiwa na tarakimu nne. Hiyo ndiyo namba ya kiwanda, na kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza chapa nyingi. Kwa mfano 1139 ni La Alteña cha Arandas, Jalisco, kinachotengeneza El Tesoro. Itafute namba ya chupa yako mtandaoni uone wanapikaje. Na kama duka ni la hapa Bongo, stempu ya kodi ya TRA iwepo na isiwe imechanika.

Mama_Kaunta
Naongezea kwa nini miaka mingi inaweza kuharibu.

Agave ya buluu hukaa shambani miaka 6 hadi 8 hivi kabla ya kuvunwa. Majani hukatwa, kinabaki kiini cha makumi ya kilo. Kinapikwa ili inulini (wanga wake) igeuke sukari: tanuri la matofali huchukua siku moja na nusu hadi tatu, tangi la chuma la presha huchukua saa chache. Ukiharakisha kwa moto mkali, sukari inaungua na uchungu unafuata mpaka kwenye chupa. Kisha kinasagwa, juisi inachachushwa kwa hamira siku kadhaa, halafu inakenekwa (inachemshwa na mvuke wake kupozwa) mara mbili. Mkeneko wa kwanza unatoa kitu cha asilimia 20 na kidogo. Wa pili unapanda mpaka kwenye 55 hivi, na hapo mpishi anakata kichwa (kinachotoka mwanzo, harufu ya gundi na rangi ya kucha) na mkia (kinachotoka mwisho, harufu ya nguo mbichi). Akikata vibaya, pipa haliponyi. Linafunika tu.

Sasa njoo kwenye pipa. Mengi ni ya lita 200 yaliyokwishatumika kwa bourbon (wiski ya Marekani), kwa sababu sheria ya Marekani inadai bourbon iingie kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, kwa hiyo makuukuu yanapatikana kwa wingi. Mti unatoa vanila, viungo na tanini (ule ukakasi). Huku kinywaji kinapungua mwaka hadi mwaka, maana hewa ya nyanda za juu za Jalisco, kwenye mita kama 2,000, ni kavu na jua ni kali. Kinachobaki ndani kinazidi kukolea mti. Ndiyo maana ya miaka 7 ni ghali: sehemu kubwa imepotea hewani na wewe unailipia. Lakini kulipia kilichopotea hewani siyo kupata ladha mdomoni. Agave iliyopikwa, ile harufu ya utamu wa mizizi iliyookwa na pilipili manga, ndiyo inayokufa kwanza. Ikishakufa unabaki na kitu ambacho ukifumba macho utasema ni bourbon.

Ningechukua ya miaka 3, chenji nikanunulia glasi.

Fundi_Mwaloni
Dada Mama_Kaunta, hapo umemhukumu mtu bila kumsikiliza. Pipa lililotumika mara nne au tano halina tena tanini ya kutisha. Tekila inaweza kukaa humo miaka 7 na agave ikabaki. Wengine wanaanzia kwenye pipa kali, wanahamishia kuukuu, na tekila ikifika inapotakiwa wanaimwaga kwenye tangi la chuma ili mti ukome. El Tesoro Paradiso ni miaka 5 kwenye mapipa yaliyobeba konyaki (brandi ya Ufaransa), na agave unaisikia vizuri tu. Herradura Selección Suprema ni miezi 49.

Mkuu, kama duka linaruhusu kuonja, fanya hivi. Paka matone mawili kwenye viganja, sugua mpaka pombe iruke, kisha nusa. Ikibaki harufu ya agave na mti, ni nzuri. Ikibaki harufu ya keki ya vanila na viganja vinanata, kuna sharubati humo. Ulimi nao utakuambia: ukikauka na kukunjana kama baada ya kula ndizi mbichi, pipa limezidi.

Mchanga_wa_Kigamboni
Asanteni sana. Duka halionjeshi, basi nachukua ya miaka 3. Vipi ndimu, chumvi na barafu? Na kuna jamaa kwenye mchango anataka tununue kapipa ka lita 3, tumimine humo tukamzeeshee zaidi kabla ya sherehe.

Mama_Kaunta
Huyo jamaa mzuieni mapema 😂 Kapipa ka lita 3 kana eneo la mti kwa kila lita karibu mara nne ya pipa la lita 200. Kanaachia ladha ya mti haraka mno, ilhali ile kazi ya hewa inayolainisha pombe inahitaji muda. Wiki tatu tu mnaweza kupata supu ya mbao. Na pipa jipya kavu linavuja. Lazima lijazwe maji siku moja au mbili mpaka mbao zivimbe. Kama anataka mchezo huo, aanze na blanco (tekila isiyozeeshwa) ya bei nafuu, aonje kila baada ya siku tatu. Iliyokwishakaa miaka 3 mwacheni mzee aikute ilivyo.

Ndimu na chumvi ni za kuficha. Barafu inafunga harufu uliyoilipia. Lakini Dar kuna joto, na pombe kwenye nyuzi 31 inachoma pua kabla hujanusa chochote. Weka chupa kwenye friji dakika 15 hadi 20, siyo kwenye friza. Lengo ni nyuzi 20 hivi.

Mimina mililita 30 tu. Glasi ya shoti haifai, mdomo wake hauzuii harufu. Glasi ya brandi yenye tumbo kubwa nayo inakusanya ukali wote mahali pamoja. Kama hamna glasi ya tekila, ile nyembamba ya shampeni inafanya kazi vizuri. Iache dakika 10. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo: kwanza ukingo wa chini wa glasi, kisha wa juu, maana harufu hazifanani. Kisha onja kiasi cha nusu kijiko cha chai, zungusha mdomoni, meza, toa pumzi puani. Onjo la kwanza halina hukumu, mdomo bado unazoea. La pili ndilo lenye maelezo.

PipaKavu
Pembeni weka maji ya kawaida, korosho za kukaanga zisizo na chumvi nyingi, kipande cha chungwa au chokoleti nyeusi. Nyama choma yenye pilipili ije baadaye.

Tanga_Raha
Na mkonge wetu si agave pia? Kwa nini tusipike?

Fundi_Mwaloni
Ni agave, ndiyo, Agave sisalana, ila huo umechaguliwa kwa nyuzi za majani na siyo kwa sukari ya kiini. Na jina tekila linalindwa tangu 1974: lazima agave iwe ya buluu, itoke Jalisco au maeneo yaliyotajwa ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Mkipika Tanga, itafuteni jina lake.

Mchanga, la mwisho la kumwambia mzee: chupa isimame, isilazwe kama divai, pombe ya asilimia 40 inakila kizibo mpaka kinamegekea ndani. Ikae kabatini mbali na jua. Ndani ya chupa haizeeki zaidi. Ikifika robo, ahamishie kwenye chupa ndogo, la sivyo hewa itaichosha ndani ya miezi michache.