Naomba ushauri: kigari cha gofu cha petroli, mtumba, cha kumpandisha mama nyumbani Luchelele

kijana_wa_mawe:
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nyumba yetu iko Luchelele, hapa Mwanza, wanaopajua wanayajua mawe yake, gari inaishia getini chini halafu mpaka nyumbani ni kama mita 140 za kupanda, njia nimeichonga mwenyewe katikati ya mawe, upana mita mbili hivi. Bi mkubwa ana miaka 71 na magoti yamechoka, akitoka kanisani anapumzika mara nne njiani, kuna jiwe moja limelala bapa ndo kituo chake cha tatu, anakaa pale na mkoba mapajani mpaka pumzi irudi. Jumapili iliyopita mvua ilimkuta palepale. Roho iliniuma sana.

Sasa kuna jamaa huku Ilemela anauza kigari cha gofu, kampuni ya E-Z-GO, viti viwili na sehemu ya mizigo nyuma, kilikuwa kwenye hoteli ya ufukweni huko pwani, anataka milioni 6. Tangazo linasema ni cha gesi ila nimefunua kiti nikaona tenki la petroli. Nimekanyaga mafuta kikawaka, nikiachia kinazima, nikawa na wasiwasi ni kibovu. Kitauweza mlima? Niangalie nini?

fundi_nyakato:
Kuzima usiogope mkuu, ndo kilivyoundwa. Wamarekani petroli wanaiita gesi, ndo maana tangazo limetoka hivyo. Stata na jenereta kwenye vigari vingi vya hivi ni kitu kimoja, kimefungwa pembeni ya injini na mkanda wake mdogo, ukikanyaga pedeli kaswichi kanaruhusu umeme, hilo dude linazungusha injini, ikishashika lenyewe linageuka kuchaji betri. Ukiachia, injini inalala. Betri ya 12V ikifa hutoki hapo, hakuna cha kusukuma kama gari. Weka mita kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, isome kama 14, ikibaki kwenye 12 ujue chaji haiingii.

Kitu cha kukagua sana ni mkanda mpana wa kuendeshea, uko kati ya pulii mbili zinazojibana na kujiachia zenyewe kulingana na mwendo, hakuna gia za kubadili zaidi ya mbele na nyuma. Mlima wako ndo utakaoula. Zima injini, pitisha kidole upande wa ndani, ukikuta nyufa au ubavu wake unang'aa kama umepigwa rangi, umekwisha. Na mtu asikwambie fanbelti ya gari itaingia, upana na pembe havifanani, itateleza na kuharibu pulii.

Halafu nenda asubuhi mapema ukikute cha baridi, shika injini kwa mkono kabla hajakiwasha. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Moshi wa bluu ukiendelea kutoka, ringi zimechoka. Na ukikuta kinaenda vizuri tambarare halafu mlimani kinakata pumzi, usikimbilie kabureta. Pampu ya mafuta ya vigari hivi mara nyingi haina umeme, inasukumwa na msukumo wa hewa kutoka ndani ya injini kupitia kahoozi kembamba, kahoozi kakipasuka petroli haifiki. Nimeona watu wanafungua kabureta wiki nzima kwa ajili ya kahoozi ka urefu wa kiganja.

mama_igombe:
Mwanangu pole na hongera kwa kumjali mama. Neno lililonishtua mimi ni hilo la hoteli ya pwani. Nimeishi Tanga miaka tisa, chumvi ya bahari inakula chuma ukiwa umelala. Ziwa letu maji yake hayana chumvi, kitu kikizeekea hapa Mwanza kinakuwa na afya kuliko kilichozeekea ufukweni kule. E-Z-GO chasi yake ni ya chuma. Vya kampuni nyingine, Club Car, chasi ni ya alumini, yenyewe kutu haiishiki hivyo. Chukua bisibisi uingie chini, gonga kwa nguvu pale betri inapokaa na kwenye maungio ya springi za nyuma. Ikiingia au ukisikia mlio mfu kama wa debe bovu, rudi nyumbani na hela yako. Rangi mpya chini ya chasi ndo ikutie mashaka zaidi.

dogo_capripoint:
Kwa nini usitafute cha umeme? Hakina kelele.

fundi_nyakato:
Cha umeme cha volti 48 kinabeba betri sita za volti 8 au zaidi, zikichoka zinachoka pamoja, hesabu hiyo ni kubwa. Kwa mlima na kwa umeme unaokatika, petroli inamfaa.

mzee_buhongwa:
Wanangu mmeongelea kupanda, mimi naomba niongelee kushuka maana ndo kulikotaka kuniua. Nilikuwa na kigari kama hicho shambani, injini safi kabisa, nilikikagua kila kitu nikaacha breki. Vigari hivi vingi breki ziko magurudumu ya nyuma tu, zinavutwa na kebo. Na ukiachia mafuta kwenye mteremko injini inazima, pulii zinaachia, kwa hiyo injini haikushikilii kama gari uliyoiweka gia ya pili, unabaki na breki tupu. Siku hiyo nilikuwa na mjukuu, kebo ya kushoto ilikuwa imeliwa na kutu ndani ya ala yake, nje ilionekana nzima, ikakatika. Nilimrusha mtoto kwenye majani na mimi nikaruka, kigari kikavunja tenki la maji. Mkono wangu ulikaa kwenye plasta wiki sita.

Fanya hivi. Kipeleke kwenye mwinuko, mkae watu wawili wazito, weka mawe makubwa hatua moja nyuma ya matairi, funga breki ya kuegesha, toa gia, zima, mkae dakika tano. Kikisogea hata kidole kimoja usimpandishe mama yako.

kijana_wa_mawe:
Nimerudi wakuu. Mzee Buhongwa shikamoo, Mungu akuweke. Tumeenda leo saa moja asubuhi na fundi. Kiliwaka vizuri, moshi safi, chaji 13.9. Mkanda una nyufa. Bisibisi ilitoboa karibu na betri, tundu la kuingia kidole gumba. Tukakipeleka kwenye mwinuko, kilikaa kama dakika moja kisha kikaanza kurudi taratibu mpaka kikagusa mawe. Muuzaji kashuka mpaka milioni 4, nimekataa. Nikawaza ni mama yuko juu na yale mawe hayapo nyuma.

Fundi amenipeleka kuona Club Car, milioni 7, chasi nzima, breki imeshika dakika kumi bila kusogea. Nikikichukua nikitunze vipi?

fundi_nyakato:
Oili kila saa 100 za kazi au mara mbili kwa mwaka, hata kama hakitembei. Upepo wa tairi usizidi ulioandikwa ubavuni, zile za gofu huwa kama 20 tu na vijana wa boda watakujazia 40. Kikikaa muda mrefu mwaga petroli ya kwenye kabureta. Filta ya hewa ifungue kila wale wadudu wa ziwani wakipita, wanaiziba kama tope. Na kebo mbili za breki, ncha zote nne uzivue uzione kwa macho kila miezi mitatu.

mama_igombe:
Na pembeni ya njia jenga ukingo wa mawe upande wa bonde.

kijana_wa_mawe:
Ukingo naanza Jumamosi mama, mawe ninayo. Lile jiwe bapa la kituo cha tatu liko katikati ya njia, fundi anasema lipasuliwe kigari kipite. Mama kakataa, anataka libaki. Nitaikunjia njia pembeni yake.