DOS inakataa faili jipya wakati diski ina nafasi: nipange vipi folda?

Mtunza Nyaraka
Wakuu, heshima kwenu. Nina kompyuta ya zamani inayoendeshwa na MS-DOS 6.22 (mfumo wa kuandika amri), diski ya MB 340. Ndani kuna barua na kumbukumbu za vikao za miaka mingi ambazo hazipo popote pengine, na karibu zote nimezimwaga hapohapo C:\, folda ya juu kabisa ya diski. Tangu juzi nikihifadhi faili jipya inakataa, lakini DIR (amri ya kuorodhesha mafaili) inaonyesha zaidi ya nusu ya diski iko wazi. Nikifuta faili moja, linaingia moja tu, kisha inagoma tena. Je, diski inakufa? Na nikitaka kupanga folda ndani ya folda, nianzie wapi nisipoteze kitu?

Mkongwe wa C
Ukipiga DIR hapo C:\, chini kabisa inahesabu mafaili mangapi?

Mtunza Nyaraka
508, mkuu.

Mkongwe wa C
Basi diski yako ni nzima. C:\ ina nafasi 512 tu za majina. Zilitengwa siku diski ilipofomatiwa na haziongezeki, hata diski ikiwa tupu. Unaona 508 kwa sababu mafaili ya DOS yenyewe, IO.SYS, MSDOS.SYS na DRVSPACE.BIN, yamefichwa (piga DIR /A:H utayaona), na jina la diski nalo linakula nafasi moja. Jumlisha mwenyewe.

Folda ya ndani haina kikomo hicho. DOS inaitunza kama faili, ikijaa inaongezewa kipande kingine cha diski. Ndiyo maana folda zilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, wakati wa IBM PC XT na diski yake ya MB 10: mafaili yalishakuwa mengi mno kukaa sehemu moja.

Angalia hapa sasa: MD, amri ya kutengeneza folda, nayo inahitaji nafasi ya jina hapo C:\, kwa hiyo itakataa. Tafuta pa kupumulia kwanza:

MOVE C:\BARUA001.TXT C:\DOS
MD C:\BARUA

Ukimaliza, lirudishe hilo moja kutoka C:\DOS. Na mafaili ya kuwashia mashine, COMMAND.COM, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, usiyaguse, yabaki yalipo.

Binti Floppy
Ndugu yangu, kabla ya yote nakili kila kitu kwenye floppy (diski ndogo za kuchomeka na kutoa). Halafu hakikisha folda ipo ndipo upeleke mafaili. Mimi niliandika COPY *.TXT C:\BARUA wakati BARUA sijaitengeneza. DOS ikadhani BARUA ni jina la faili, ikayaunganisha maandishi yote yakawa faili moja refu. Ilisema wazi kwamba limenakiliwa faili 1. Sikusoma, nikafuta ya mwanzo. Nilikaa siku tatu nikikata lile faili kipande kwa kipande, nikikisia barua moja inaishia wapi. Soma kila mstari inaokujibu, tafadhali.

Fundi Taratibu
Kwenye mpangilio, mimi naenda mwaka kisha mwezi: C:\BARUA\1993\MACHI. Jina lina herufi 8 tu, na miezi yetu yote inaenea. FEBRUARI na SEPTEMBA zinatimia 8 kamili. Ila ukipanga kwa alfabeti AGOSTI inatangulia JANUARI, kwa hiyo naanza na namba: 01JAN, 02FEB.

Mkongwe wa C
Sikubaliani na miezi. Kwa mafaili 500, folda ya mwaka inatosha. Kila ngazi ni kuandika CD (amri ya kuingia folda) zaidi, na njia nzima ya folda isizidi herufi 63. Muhimu zaidi ni kuweka PROMPT $P$G kwenye AUTOEXEC.BAT, ujue wakati wote uko folda gani kabla hujafuta kitu. DELTREE, inayofuta folda na vyote vilivyomo, iache kabisa kwa sasa. Kuondoa folda tumia RD, ambayo inakataa folda ikiwa bado ina kitu.

Mtunza Nyaraka
Nimefuata miaka, bila miezi. Floppy zilichukua jioni nzima. C:\ imebaki na 14, na faili jipya linaingia. Tatizo moja: programu ya hesabu nimeihamishia C:\HESABU pamoja na mafaili yake. Nimeiongeza kwenye PATH, inafunguka lakini inasema haioni mafaili yake.

Fundi Taratibu
PATH inatafuta programu tu, data haiitafuti. Programu yako inaangalia folda uliyosimama. Tengeneza faili la amri C:\DOS\H.BAT lenye mistari hii:

C:
CD \HESABU
HESABU
CD \

Kisha uwe unaandika H tu.

Mtunza Nyaraka
Imefunguka na mafaili yote yapo. Asanteni sana wakuu. Ile BARUA001 nayo nimeirudisha kwenye mwaka wake.