Rekodi ipi ya nyimbo za Krismasi za Kiingereza: King's, Rutter au The Sixteen?

BesiWaMuheza

Wakuu, salaam. Mwaka huu kwaya yetu imepewa Ibada ya Masomo Tisa (masomo tisa ya Biblia yakipokezana na nyimbo) mkesha wa Krismasi. Tutaimba kwa Kiswahili, lakini tuni ni zile zile walizotuachia Waingereza: "Once in Royal David's City", "Hark! the Herald Angels Sing", "While Shepherds Watched" na "O Come, All Ye Faithful". Nataka tununue rekodi moja ya kwaya ya kwao, tuisikilize pamoja kabla hatujashika nota.

Nimechuja nimebaki na nne: King's College Cambridge ya mwaka 1958 chini ya David Willcocks; King's ile ya miaka 100 iliyotoka 2018; Cambridge Singers wa John Rutter; na The Sixteen wa Harry Christophers. Sauti ya kwanza yetu ni kina mama na wasichana, besi tuko wachache, kinanda ni cha umeme, kanisa ni dogo. Fedha ni ya mfuko wa kwaya, kwa hiyo naomba mnishauri kama mnavyowashauri wenu.

MwalimuNota

Chukua ya 1958. Ibada unayoiandaa ndiyo hiyo iliyomo ndani yake, masomo na nyimbo kwa mfuatano. King's waliifanya mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1918, wiki chache baada ya vita kwisha. Aliyeipanga ni Eric Milner-White, dekani wa chuo, ambaye alikuwa ametoka kuwa kasisi wa jeshi. Utaratibu wa masomo aliutoa Truro, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako Askofu Benson aliuanzisha mwaka 1880 katika kanisa la muda la mbao. BBC wakaanza kuitangaza mwaka 1928, na tangu hapo mwaka uliorukwa ni 1930 peke yake. Hata wakati wa vita ya pili, vioo vya rangi vikiwa vimeondolewa madirishani, ilisikika redioni.

Sikiliza "Once in Royal" inavyojengwa. Mtoto mmoja anaimba ubeti wa kwanza, hana kinanda wala mwenzake. Kwaya inapokea wa pili, bado bila kinanda. Ogani inakuja baadaye, na wimbo unapanuka hadi unajaa kanisa. Kwaya zetu nyingi hupiga kinanda kwa nguvu tangu neno la kwanza, na tukifika ubeti wa mwisho hatuna tena pa kupanda. Waimbaji wako wakilisikia jambo hilo mara moja tu, umeshaokoa mazoezi mengi.

Halafu kuna Willcocks mwenyewe, aliyeongoza kwaya hiyo kuanzia 1957 hadi 1974. Diskanti (sauti ya ziada inayoimbwa juu ya tuni) za "Hark! the Herald" na "O Come, All Ye Faithful" zinazoimbwa leo dunia nzima ni kazi ya mkono wake, na zilienea kupitia kitabu cha Carols for Choirs cha mwaka 1961 alichokihariri pamoja na Reginald Jacques. Kama mna diskanti yoyote kwenye mafaili yenu, kuna uwezekano mkubwa ni yake.

Alto_Leeds

Mwalimu, shikamoo. Kuhusu mpangilio wa ibada nakubaliana nawe. Kuhusu sauti, hapana, na naomba ndugu wa Muheza asikilize upande huu pia.

Kanisa la King's lina urefu wa mita 88 hivi na dari la mawe lililo juu mita 24. Sauti ikitoka mdomoni inabaki hewani sekunde kadhaa. Namna yote ya kuimba ya kwaya ile imezaliwa na jengo hilo: konsonanti zinakatwa kwa pamoja na kwa ukali, irabu ni nyembamba, hakuna mtetemo, na mwisho wa kila mstari unaachwa uelee. Ukiichukua namna hiyo ukaiingiza kwenye kanisa dogo lenye bati na watu wamejaa, mwangwi haupo wa kukusaidia. Mstari unakatika, unabaki ukimya mkavu, waimbaji wanapoteza ujasiri.

La pili ni waimbaji wenyewe. Sauti ya kwanza pale ni wavulana 16, wanasoma shule ya chuo na wanaimba ibada karibu kila siku ya muhula. Alto ni vijana wa kiume wanaoimba kwa sauti ya kichwani. Mama mwenye sauti iliyokomaa akijaribu kufanana na mtoto wa miaka 12 ataminya koo, na baada ya nusu saa amechoka. Nimekaa kwenye alto miaka mingi na nimeiona hali hiyo katika kwaya zaidi ya moja.

Kina mama wasikilize kina mama. The Sixteen ni watu wazima, wanawake na wanaume, kwaya iliyoanza 1979. Wana albamu inayoitwa "A Traditional Christmas Carol Collection". Waimbaji ni wachache, kwa hiyo kila sauti unaisikia inakwenda wapi. Chukueni hiyo.

FundiSpika

Swali dogo kwa mwenye mada: mtaisikilizia wapi? Kama ni spika ndogo ya bluetooth katikati ya chumba, mwangwi wa King's utageuka ukungu, na sauti za besi na za tena (tenor) hamtazitenganisha. The Sixteen na Rutter zinavumilia spika duni. King's inataka spika mbili zilizoachana, au watu wapokezane hedifoni nzuri. Hiyo ya 1958 ni stirio, haina tatizo. Ile ya zamani zaidi, ya 1954 chini ya Boris Ord, ni mono, spika zote mbili zinatoa sauti ile ile. Ni nzuri kwa anayependa historia, ila kwa mazoezi nisingeanzia hapo.

TenaWaNairobi

Nashangaa Rutter ametajwa na kuachwa. Cambridge Singers aliwaunda mwaka 1981 mahususi kwa ajili ya kurekodi, akianza na vijana waliowahi kuimba chuo cha Clare alikokuwa akiongoza muziki. Kwa hiyo si kwaya ya ibada iliyowekewa maikrofoni. Kila kitu kimepangwa kwa ajili ya sikio la mtu aliye nyumbani. Matamshi ni safi kiasi kwamba asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuandika maneno.

Lakini angalia albamu unayochagua. "Christmas Night" ya mwaka 1987 ni nzuri mno, ila imejaa nyimbo tulivu, na nyingi si zile mtakazoimba. Humo kuna "Candlelight Carol" ya Rutter mwenyewe. Ukitaka tuni kubwa za waumini wote, hutashiba.

BesiWaMuheza

Nashukuru sana. Hiyo ya koo kuminywa imenigusa, maana wasichana wetu wawili wanapenda kuiga wanachosikia YouTube. Tutasikilizia ofisini kwa kasisi, kuna redio yenye spika mbili kubwa. Kuhusu ile ya miaka 100 hakuna aliyesema chochote?

Mkunazini

Ile ni kwa ajili ya mwongozaji, si kwa ajili ya waimbaji. Ina matangazo ya zamani kutoka hazina ya BBC pamoja na rekodi mpya, kwa hiyo unawasikia Willcocks, Philip Ledger na Stephen Cleobury kwa zamu. Chumba hicho hicho, idadi ya wavulana haijabadilika sana, na bado kwaya ni tatu tofauti. Mimi ningeisikiliza peke yangu usiku, na daftari mkononi. Cleobury alikaa pale kuanzia 1982 hadi 2019, na kuanzia 1983 kila mwaka aliagiza wimbo mmoja mpya kwa ibada ile. Arvo Pärt na Judith Weir ni miongoni mwa walioandika. Watu hudhani ni kwaya ya kuhifadhi mambo ya kale, kumbe mapya yanaingia kila Desemba.

Nina sababu nyingine ya kuwapenda watu wa Cambridge. Mmisionari Livingstone alihutubia Senate House ya chuo kikuu kile Desemba 1857, jengo lililo jirani kabisa na kanisa la King's, na kutokana na wito wake ikaundwa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, iliyokuja Unguja, kisha Magila huko kwenu Muheza. Jiwe la msingi la kanisa letu la Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Tuni tunazozizungumza hapa zilipanda merikebu na watu hao. Ninaposikia "Adeste Fideles" (ndiyo "O Come, All Ye Faithful" kwa Kilatini) kutoka kule na kutoka kwetu, nasikia familia moja.

Niongeze jina moja ambalo hamjalitaja: St John's, wa Cambridge hao hao, jirani na wapinzani wa King's. George Guest, mtu wa Wales, aliwaongoza tangu 1951 hadi 1991 na aliwaacha wavulana waimbe kwa kifua, sauti nene yenye joto. Wana albamu ya 2016, "Christmas with St John's", chini ya Andrew Nethsingha. Kwa sikio la Kiafrika naona iko karibu zaidi.

MwalimuNota

Mkunazini, kuhusu Guest naunga mkono mia kwa mia. Wavulana wake wanasikika kama wanaamini wanachokiimba.

Alto_Leeds, marahaba. Hoja yako ya koo ni ya kweli, naipokea. Ila bado siwezi kukubali mtu aandae Masomo Tisa bila kuisikia ibada yenyewe hata mara moja. Jibu rahisi: mkesha wa Krismasi King's wanatangaza moja kwa moja saa tisa alasiri ya Uingereza, sawa na saa kumi na mbili jioni kwetu, na BBC World Service huirusha. Hiyo haina malipo. Mwaka huu mtakuwa kazini saa hiyo, lakini mwakani wakusanye kwaya.

Alto_Leeds

Hapo tumeelewana kabisa, mwalimu.

Naomba niseme jambo moja kuhusu "While Shepherds Watched", kwa sababu imo kwenye orodha. Maneno ni ya Nahum Tate, mwaka 1700, na kwa muda mrefu ndiyo pekee ya Krismasi iliyoruhusiwa kuimbwa ndani ya Kanisa la Uingereza. Rekodi zote mlizotaja zinatoka kwa watu waliosoma nota. Lakini huku Yorkshire, vijiji vya pembeni mwa Sheffield, watu wa kawaida huimba nyimbo za Krismasi kwenye baa, kuanzia katikati ya Novemba hadi baada ya Krismasi, kwa sauti nne, wengi bila karatasi. Enzi za Malkia Victoria makanisa yalileta ogani na kwaya rasmi, wapiga vyombo na waimbaji wa kijiji waliokuwa wakikaa roshani ya kanisa wakaondolewa, na nyimbo zao zikahamia huko. "While Shepherds" peke yake wana tuni nyingi: "Old Foster", "Cranbrook", na nyingine. "Cranbrook" ina mahali sauti zinapopokezana, kiitikizano kabisa.

Ndugu wa Muheza, besi wenu wachache wataifurahia kuliko tuni ya kanisani. Rekodi za waimbaji wa vijijini zipo, tafuta kwa jina la Dungworth au Stannington, vijiji vya huko. Si safi. Vikombe vinagongana, mtu anakohoa. Lakini nguvu ile ya watu wanaoimba kwa sababu wanataka kuimba, hata The Sixteen hawana.

TenaWaNairobi

Kama mnaongeza "O Little Town of Bethlehem", angalia tuni kabla ya kununua chochote. Waingereza huimba "Forest Green", ambayo mtunzi Vaughan Williams aliipata kwa muimbaji wa kijijini Surrey na kuiweka kwenye kitabu cha nyimbo cha English Hymnal cha 1906. Wamarekani wana yao, "St Louis" ya Lewis Redner. "In the Bleak Midwinter" ni hivyo hivyo: Holst ana yake, Harold Darke ana yake. Ya Holst kila mtu anaweza. Ya Darke ni ya kwaya iliyofanya mazoezi, na mwaka 2008 wataalamu waliohojiwa na jarida la muziki la BBC waliichagua kuwa wimbo bora wa Krismasi kuliko zote.

BesiWaMuheza

Nimeamua hivi, na kasisi amekubali. Fedha ya kwaya inanunua The Sixteen, na kina mama watapewa sehemu zao wasikilize nyumbani. Ya 1958 nitainunua kwa fedha yangu, tutaisikiliza mara moja ofisini kwa kasisi, tuone ibada inavyokwenda. "O Little Town" tunayo kwenye faili na ni "Forest Green", nimeipiga jioni hii kwenye kinanda.

Alto_Leeds, "Cranbrook" tunaijaribu Jumamosi. Kama una nota zake kwa sol-fa (do, re, mi), tafadhali weka hapa, maana nusu ya besi hawasomi za mistari.

Alto_Leeds

Za sol-fa sina, ila tuni ni ya 1805 na haina mwenyewe wa kudai haki. Nitaiandika sauti zote nne na kuipandisha Alhamisi usiku. Niambie tu besi wako wa chini kabisa anafika wapi.

BesiWaMuheza

Anafika fa ya chini bila shida. Akiamka vizuri, mi.